Maji ya Kwanza

Parokia ina kazi za kuonekana na kazi za kutoonekana, na Adelina, mama Stephano, hakuwahi kubahatika na zile za kuonekana. Kwaya walimjaribu kwa mwezi mmoja, kisha wakamwomba kwa upole awe anawaombea. Usomaji wa masomo aliukimbia mwenyewe siku alipofungua kitabu akakutana na Nebukadneza. Wakamweka mlangoni, na wale wanaovaa utepe mwekundu kifuani na kuwaonyesha watu pa kukaa. Huko nako alishindwa, maana hana roho ya kumwambia aliyechelewa abaki nje. Aliwaingiza wote, mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi za altare na paroko akakosa pa kupita na ubani. Mwisho wakampa vitambaa, na kwenye vitambaa akatulia kama mtu aliyefika kwao.

Vitambaa vyenyewe ni vile vidogo vyeupe vya altareni. Kimoja padre hufutia kalisi, kile kikombe cha Misa, baada ya kunywa divai. Kingine, kipana kidogo, hutandikwa chini ya kalisi na mkate wakati wa Misa. Kwa macho ya mtu wa sokoni ni leso tu. Lakini Mkatoliki anaamini kwamba divai ile si divai tena na mkate ule si mkate tena, ni Bwana mwenyewe, na chembe yake hata ikiwa ndogo kuliko punje ya mchanga ni yeye mzima. Kwa hiyo vitambaa hivyo havitupwi kwenye beseni pamoja na mashuka ya watu. Hulowekwa kwanza peke yake, kwenye maji matupu, na maji hayo ya kwanza hayamwagwi chooni wala mtaroni. Humwagwa kwenye udongo, mahali safi pasipokanyagwa. Baada ya hapo ndipo sabuni, jua na pasi vinachukua zamu yao kama kwa nguo nyingine yoyote. Sista mmoja mzee ndiye aliyemfundisha Adelina hayo, na Adelina akayashika kwa nguvu zote za mtu ambaye hatimaye amepewa kitu anachokiweza.

Tabu ni kwamba aliyetunga kanuni hiyo hakuwahi kupanga chumba Tandale. Huko nyumba zimebanana hadi paa linagusa paa, na kila mahali penye nafasi ya kuweka guu pana mtu ameweka meza ya nyanya. Udongo mtupu usiokanyagwa ni kitu cha kutafuta kwa tochi. Hata uwanja wa kanisa, waumini walichangishana mpaka ukajaa matofali ya pevingi kutoka getini hadi ukutani. Siku ya kuubariki watu walipiga vigelegele. Adelina naye alipiga, asijue anashangilia nini.

Miaka yote alikuwa akimwaga maji yake nyuma ya jiko la uani, penye kipande cha ardhi kilichosahaulika. Mwaka huu, Pasaka ilipopita tu, mwenye nyumba alikikumbuka akajenga hapo vyumba viwili vya kupangisha. Ua mzima ukabaki na kiraka kimoja tu cha udongo wa maana, nacho kilikuwa chini ya mpapai wa Bi Somoe, mbele kidogo ya mlango wake.

Bi Somoe ni mtu wa Lindi, Mwislamu wa swala tano, mpika vitumbua vinavyonunuliwa na mtaa mzima kabla jua halijakolea. Adelina ni wa Masasi, mwuza mbaazi na karanga sokoni. Mjini hapa mtu wa Lindi na mtu wa Masasi ni ndugu hata kama kwao hawakuwahi kuonana, na hawa wawili walizidi undugu. Bi Somoe, aliyemtangulia kidogo kwa umri, alikuwa akimwekea mwenzake vitumbua viwili kila asubuhi chini ya kawa, na hakuna mteja aliyeruhusiwa kuvigusa hata aje na kiu ya chai namna gani. Adelina alipofiwa na mumewe, Bi Somoe alihamia chumbani kwake akalala naye mkekani mpaka matanga yakaanuliwa. Mpapai ule aliuotesha mwenyewe kwa mbegu, akawa anausemesha kila akipita, na mapapai yake yalisifika hadi mtaa wa pili.

Mtu atauliza, kwa nini Adelina asimwambie tu mwenzake kuhusu maji? Ni rahisi kuuliza. Kuna mambo ya dini ambayo mtu anayaamini kwa moyo wake wote, lakini akitaka kuyasema mbele ya mtu wa dini nyingine ulimi unamwia mzito. Atamwambiaje Bi Somoe kwamba ndani ya ndoo hii huenda mna chembe ya Mungu? Aliogopa kuchekwa, na zaidi ya kuchekwa yeye, aliogopa kichekwe kile kitu chenyewe. Hivyo kila Jumatatu alfajiri alijitanda kanga gubigubi, akavua ndala ili zisilie, akanyata na ndoo yake nyeupe hadi mpapaini, akainama, akamwaga polepole huku akinong'ona, akafanya alama ya msalaba, akarudi kinyumenyume. Alifanya kila kitu ambacho mchawi angefanya, akakosa tunguli tu.

Na ni nani wa kuwa macho saa hiyo kama si mtu wa swala tano anayetia udhu nyuma ya pazia lake?

Kama hilo halitoshi, likaja suala la papai. Zamani Bi Somoe alikuwa akikata papai, sahani ya kwanza ni ya Adelina, naye alikuwa akiyagombania. Sasa kila akiletewa mkono ulikuwa mzito. Mti umekunywa maji yale, halafu yeye ale tunda lake kwa ndimu kama vitafunio? Hakujua kama ni dhambi, na hakumuuliza padre, kwa sababu kumuuliza padre habari za papai kulionekana nako ni dhambi ya aina yake. Basi alisema tumbo linamsumbua, akapokea sahani kwa mikono miwili, akawagawia wapangaji wapya wa vyumba vya nyuma. Bi Somoe aliona.

Halafu goti la kulia la Bi Somoe likavimba. Hakuanguka, hakujikwaa, liliamua tu. Huko walikotoka wote wawili, mguu ukivimba bila sababu watu hawasemi uzee. Wanauliza, amekanyaga nini?

Adelina hakujua kwamba anashukiwa. Alichokiona ni kwamba shikamoo yake ilianza kuitikiwa puani. Kisha vitumbua viwili vya chini ya kawa vikaisha, asubuhi ya kwanza akadhani vimesahaulika, asubuhi ya pili akajua vimenyimwa. Iliuma, na hakuwa na wa kumlalamikia, maana yule ambaye angemlalamikia ndiye huyo huyo.

Jumatano jioni mwenye nyumba alikuja na fundi wake, kijana wa Mbeya aitwaye Gibson, wakaanza kuupima ua kwa kamba.

"Jumamosi namwaga zege hapa," mwenye nyumba aliwatangazia wapangaji. "Mvua ikinyesha mnakanyaga tope, mnanichafulia kuta. Sasa mtaishi kizungu."

Wengine walimshukuru. Adelina alisogea karibu. "Baba, pale penye mpapai si mtaacha kidogo?"

"Mpapai unakatwa, mama."

"Bi Somoe amekubali ukatwe?"

"Amekubali? Yeye ndiye aliyeniomba. Mie nilitaka kuuacha. Akaniambia pale mlangoni kwake pazibwe kabisa, asione hata udongo wa kuota jani."

Adelina alibaki amesimama pale pale. Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa vitambaa. Bila kiraka kile hakuna maji ya kwanza, na bila maji ya kwanza kazi yake imekwisha. Jambo la pili lilimjia taratibu na likauma kuliko la kwanza: mtu hakati mti anaousemesha, labda awe ameingiwa na hofu.

Alimkuta Bi Somoe mlangoni, kwenye mbuzi yake ya kukunia nazi, mguu mmoja ameunyoosha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Nimesikia mpapai unakatwa."

"Ni wangu."

"Ni wako, dada. Nauliza tu sababu."

Bi Somoe aliacha kukuna. Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. "Mama Stephano, mie nimewahi kukukosea?"

"Hujawahi."

"Basi niambie mwenyewe, usinilazimishe niseme mie. Jumatatu alfajiri unakujaga kumwaga nini mlangoni kwangu?"

Adelina akautazama mpapai.

"Nakuonaga," Bi Somoe aliendelea, sauti ya chini, bila ukali, na hilo ndilo lililoumiza zaidi. "Umejitanda, peku, unanong'ona. Nikasema labda naota. Nikakuletea papai, nikasema akila basi nimemsingizia. Hukula. Mtu anayekijua kilichomo ndiye asiyekila. Sasa tazama goti langu hili, halafu niambie mie nifikirie nini."

Kwanza Adelina alipandwa na hasira. Miaka yote waliyokula sahani moja, na bado mtu anamdhania hivi? Alifungua mdomo aseme maneno makali, na ndipo akajiona kama alivyoonekana kutoka nyuma ya lile pazia: kanga gubigubi, ndoo, midomo inayocheza gizani. Hata yeye angemwogopa mtu huyo. Angekwenda kwa mjumbe wa mtaa kabla ya chai.

Akaanza kueleza, na akaeleza vibaya. Alianzia kwa sista mzee, akarukia kalisi, akarudi kwenye sabuni, akaingiza jiko la uani na vyumba viwili vya nyuma. Alipofika kwenye chembe alishusha sauti hadi kunong'ona. Bi Somoe alimsikiliza, mkono umetulia juu ya kifuu cha nazi.

"Kwa hiyo unasema Mungu wenu unammwaga chini ya mpapai wangu."

"Si kummwaga, dada. Tunayarudisha yale maji pasipokanyagwa."

"Na papai?"

"Niliogopa kulila. Niliona kama nakosa adabu."

"Na kujificha?"

"Niliogopa utacheka."

Bi Somoe hakucheka. Hakufanya kitu chochote ambacho Adelina angeweza kukisoma. Alikusanya nazi yake, akainuka kwa kushika kizingiti, akasema, "Haya. Nimesikia," akaingia ndani, na pazia likashuka nyuma yake.

Adelina alisubiri. Alhamisi shikamoo ikaitikiwa vile vile. Ijumaa hakukuwa na kitumbua. Jioni hiyo mchanga na kokoto vilishushwa getini, na Adelina akazikunja nguo zake za altare huku machozi yanamtoka. Kile kitambaa kipana kina namna yake ya kukunjwa, kinakunjwa kwa ndani pande zote ili chembe isipotee, na mikono yake iliijua kazi hiyo bila msaada wa macho.

Jumamosi asubuhi na mapema aliondoka kabla mafundi hawajafika, maana hakutaka kuuona mpapai ukianguka. Kwenye sakristia, chumba cha vyombo vya Misa, alimkuta Mama Noela, kiongozi wa wahudumu wa sakristia, akihesabu mishumaa ya Jumapili. Mama Noela anakaa Kijitonyama, kwenye nyumba yenye bustani, na ingekuwa raha kusema ni mwanamke wa maringo, lakini si kweli. Ni mama mwema kupindukia, na wema wake siku hiyo ulichoma.

"Kwangu nyasi zipo hadi zinanisumbua," alisema alipokwisha kusikia. "Usihuzunike, Mama Stephano. Nitavifua mie mwenyewe, sitampa dada wa kazi. Na wewe tutakutafutia kitu kingine. Maua je?"

Adelina alisema maua ni sawa. Alikabidhi vitambaa vilivyopigwa pasi, kisha akakabidhi na ndoo nyeupe yenye mfuniko, aliyoinunua kwa ajili ya kazi hiyo peke yake, ambayo hata siku moja haikuwahi kutekewa maji ya kupikia. Mama Noela akaipeleka kwenye gari lake.

Padre Revelian, paroko, aliingia kutafuta miwani yake. Kwa kuwa sasa hakuna cha kupoteza, Adelina alimuuliza.

"Padre, mti uliomwagiwa maji ya vitambaa, tunda lake linaliwa?"

Padre alimtazama, akaona hatanii, akajizuia kutabasamu kwa juhudi inayostahili sifa. "Tunda gani?"

"Papai."

"Mama, maji yakishaingia kwenye udongo yameshafika kwao. Papai ni papai. Ule, umshukuru Mungu, na ndimu usisahau. Ulikuwa unayatupa?"

"Nilikuwa nayagawa."

"Na muda wote huo kwa nini hukuuliza?"

Alisalimia Sakramenti, akapiga goti, akatoka. Njia nzima lile swali lilitembea naye, na kila alipojaribu kulijibu aliishia kwenye neno moja: haya. Aliona haya kwa padre, akaona haya kwa Bi Somoe, na haya zake zimemgharimu rafiki na kazi kwa mpigo. Alipita sokoni akakaa kwenye meza yake bila kuuza kitu cha maana, akipoteza muda makusudi. Jua lilipoanza kuinama hakuwa na pa kwenda zaidi ya nyumbani.

Nje ya geti aliwakuta wapangaji wote wamekaa kichochoroni kwenye ndoo na vigoda, wanacheka. Walipomwona walimpisha wakiwa na ile furaha ya watu wanaojua jambo usilolijua. Adelina akachungulia ndani.

Ua mzima ulikuwa zege bichi, la kijivu, laini, linang'aa. Katikati yake, mbele ya mlango wa Bi Somoe, mpapai ulikuwa umesimama. Chini yake palikuwa na mraba wa udongo uliozungushiwa matofali, na juu ya udongo huo, kwenye mbuzi ya kukunia nazi, chini ya mwavuli, alikaa Bi Somoe, mguu mmoja ameunyoosha, birika pembeni. Zege lilikuwa limemzunguka pande zote. Hawezi kutoka, na hakuna awezaye kumfuata bila kulikanyaga.

"Mama, huyu bibi yako kanishinda tabia," alisema fundi Gibson, akijifuta jasho kwa mkono wenye saruji. "Nimekuja asubuhi na panga la kukata mpapai, nimemkuta keshakaa. Nikamwambia bibi, tupishe. Akaniuliza kama mama yangu yupo hai. Nikasema yupo. Akasema basi mpigie simu umwambie uko Dar unataka kummwagia zege bibi kizee."

"Na mwenye nyumba?"

"Kaja, kafoka, kachoka. Kasema tumzunguke."

Bi Somoe alikuwa ameshamwona. Sauti yake ilivuka zege bila tabu. "Vitambaa viko wapi?"

"Nimeshakabidhi, dada."

"Umekabidhi nini?"

"Kazi yote. Nimempa Mama Noela. Ana bustani."

Kichochoro chote kilikuwa kimetega masikio.

"Mie nimekaa hapa toka ulipotoka tu asubuhi," Bi Somoe alisema polepole. "Goti linawaka moto. Adhuhuri nimeiswali hapa hapa nimekaa, kwa maji ya birika. Kwenda haja nimejizuia kama mfungwa. Halafu wewe unaniambia umegawa?"

Watu walicheka hadi mmoja akaanguka toka kigodani. Adelina alitaka kucheka na alitaka kulia.

"Mpigie huyo Mama Noela," Bi Somoe akaamuru. "Sasa hivi, nisikie."

Alipiga. Mama Noela hakumpa hata nafasi ya kumaliza. "Ndoo yako bado iko kwenye buti la gari," alisema. "Nimeshindwa kuishusha. Kila nikiiangalia moyo unanisuta. Kesho baada ya Misa njoo uichukue, na vitambaa vyake vya kesho, tafadhali."

Fundi Gibson alilaza mbao mbili juu ya matofali kutoka getini hadi mpapaini, akamshika mkono Adelina asiyumbe. Adelina alivua viatu akapita, akafika pembeni ya mraba, akasimama. Nusu ya udongo, ile iliyogusa shina, ilikuwa imezungushiwa vifuu vya nazi vilivyofukiwa kichwa chini, kimoja kimoja, vizuri kabisa. Ndani ya duara hilo palikuwa pamefagiliwa. Bi Somoe alikuwa amekaa nje yake.

"Kaa huku kwangu," alisema, akimsogezea kipande cha mkeka. "Kule kwenye vifuu ndiko kwa maji yako. Hapakanyagwi."

Adelina alikaa. Ilibidi wabanane bega kwa bega. Kisha akauliza, "Uliniamini lini?"

"Siku ile ile ulipokuwa unanieleza. Mwongo hadanganyi vibaya namna ile."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa na hasira. Ungekuwa mchawi ningekusamehe, mchawi ana kazi yake. Nilikukasirikia kwa kuniogopa." Bi Somoe alisugua goti lake. "Halafu nilipoingia ndani nikamkumbuka mama. Nilikuwa mdogo, Lindi, naumwa homa haishi. Mwalimu wa chuo cha Kurani akaniandikia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, wakaziosha kwa maji ya marashi nikanywa. Yakabaki kidogo kwenye sahani. Nikayamwaga mtaroni nikakimbilia kucheza. Mama hakuwahi kunipiga hata siku moja, lakini siku ile alinitandika kofi hili hapa." Alijigusa shavu, kana kwamba bado lina moto. "Akaichukua ile sahani, akaisuuza, na maji ya kuisuuzia akaenda kuyamwaga mwenyewe chini ya mgomba, nyuma kabisa. Akaniambia maneno ya Mungu hayapiti yanapopita maji ya chooni."

Adelina alitazama duara la vifuu.

"Ungeniambia toka siku ya kwanza, 'Dada, nina maji ya heshima, sina pa kuyaweka,'" Bi Somoe alisema, "ningekuuliza nini zaidi?"

Hapo Adelina alilia waziwazi, mbele ya fundi na wapangaji wote, na Bi Somoe akamwacha alie kwa muda aliouona unatosha. Kisha akavuta sahani kutoka chini ya mwavuli. Papai lilikuwa limeshakatwa, na ndimu ipo.

"Sasa utakula, au mpaka tumwite padre?"

"Padre keshasema."

"Kasemaje?"

"Kasema papai ni papai."

"Mtu wa maana huyo," alisema Bi Somoe, akamchagulia kipande kikubwa.

Walikula hadi sahani ikabaki mbegu, huku zege likianza kushika na wapangaji wakiuliza kutoka getini kama na wao watatupiwa kipande. Goti halikupona. Ni goti la mtu aliyekaa kwenye mbuzi maisha yake yote, na siku hizi Adelina hulikanda kwa mafuta ya nazi akitoka sokoni.

Jumatatu alitoka na ndoo yake nyeupe jua likiwa limeshachomoza, ndala miguuni, vitumbua viwili vimeshashuka tumboni. Bi Somoe alikuwa mlangoni anakuna nazi. Adelina alipoinama kwenye duara la vifuu, ile sauti ya kukuna ikakoma. Alimwaga polepole, akasali kwa sauti yake ya kawaida, akafanya alama ya msalaba. Bi Somoe alisubiri, mikono imetulia juu ya nazi, mpaka udongo ukayanywa maji yote. Kisha akaendelea kukuna.